Smith-Petersen, mhamiaji aliyewainua waliovunjika nyonga

Wafanyabiashara wetu wanaopita Zhanqian Road, jirani na stesheni ya reli ya Guangzhou, wanajua uzito wa robota begani. Anayeanguka na mzigo akavunjika nyonga, na hasa akiwa na paja lililopinda tangu utotoni kwa kuungwa vibaya, anaweza kuambiwa na daktari kwamba dawa yake ni bamba la chuma na skrubu. Yeye atashtuka, na ndugu wa nyumbani watakaopigiwa simu watashtuka zaidi. Ndugu wasomaji, leo tunawaletea habari za mtu aliyetangulia katika njia hiyo, Marius Smith-Petersen.

Alizaliwa Grimstad, Norway, mwaka 1886. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 16, alihamia Marekani, katika mji wa Milwaukee. Sisi tunaoishi ugenini hatuhitaji kuelezwa maana ya safari kama hiyo katika umri huo. Alisoma kwa bidii, akahitimu udaktari Harvard mwaka 1914, na kazi yake kubwa akaifanyia katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston. Mwaka 1917 alikwisha kuchapisha njia yake ya kuifikia nyonga kwa kupasua upande wa mbele.

Wakati huo mzee aliyevunjika shingo ya mfupa wa paja alihesabiwa kama mtu anayeaga. Alifungwa hogo kuanzia kiunoni hadi mguuni, akalala miezi. Vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu viliwamaliza wengi kabla mfupa haujaunga, na mara nyingi haukuunga kabisa, kwa kuwa damu inayokilisha kichwa cha mfupa huo hupita hapo hapo panapovunjika.

Mwaka 1925 Smith-Petersen alianza kutumia msumari wa chuma wenye mbawa tatu. Msumari wa mviringo huacha kichwa cha mfupa kizunguke, lakini mbawa tatu hukishika, tena kwa chuma kidogo. Alisubiri hadi mwaka 1931 ndipo akatangaza matokeo, subira ambayo sisi wa magazeti hatunayo. Mwaka uliofuata Sven Johansson wa Gothenburg, Sweden, alieleza namna ya kuutoboa msumari katikati na kuupitisha juu ya waya kwa kuongozwa na eksirei. Mgonjwa akapona bila kupasuliwa jeraha kubwa.

Hata hivyo msumari peke yake ulishindwa pale mfupa ulipovunjika chini ya shingo, kwani haukuwa na pa kuegemea. Mwaka 1937 Lawson Thornton wa Atlanta aliuongezea bamba linaloteremka ubavuni mwa paja na kukazwa kwa skrubu.

Hapo ndipo paja lililopinda linapoingia. Siku hizi wengi huwekewa fimbo ya chuma ndani ya uwazi wa mfupa, lakini fimbo haipiti katika mfupa uliokunjika kama mundu, na ikilazimishwa inaweza kuupasua. Bamba hukaa nje, na daktari anaweza kulikunja lifuate umbo la mfupa. Pengine hulazimika kwanza kuukata mfupa na kuunyoosha. Kwa hiyo aliyewahi kuvunjika zamani amweleze daktari mapema, na picha za zamani akiwa nazo azilete.

Smith-Petersen hakuishia kwenye msumari. Mwaka 1923 alitoa kipande cha kioo kilichokaa muda mrefu mgongoni mwa mgonjwa, akakuta mwili umekizungushia utando laini wenye majimaji, mfano wa ule wa ndani ya kiungo. Akawaza: je, kikombe cha kioo kikivishwa kichwa cha mfupa wa nyonga iliyoharibika, mwili hautafanya vivyo hivyo? Alijaribu, na vikombe vikavunjika. Akabadilisha vitu kimoja baada ya kingine kwa miaka 15, hadi mwaka 1938 alipopata vitaliamu, mchanganyiko wa kobalti, kromiamu na molibdenamu usioliwa na majimaji ya mwili. Vikombe hivyo viliwatembeza watu waliokuwa wamekwisha kuzoea viti, miaka mingi kabla ya nyonga bandia za leo.

Alifariki mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 66.