Tata Raphaël: Padri wa Mpira Katika Miaka ya Vita

AS Maniema Union inaposafiri kwenda kucheza Kinshasa, wengi wetu hapa Kasuku tunasikia redioni jina la kiwanja cha Tata Raphaël. Jina tunalijua, lakini mtu mwenyewe hatumjui. Tata ni neno la Kilingala, sisi tungesema Baba. Huyu baba alikuwa nani?

Raphaël de la Kethulle de Ryhove alizaliwa mwaka 1890 karibu na mji wa Bruges, Ubelgiji, katika jamaa ya kikabaila. Aliingia shirika la Wamisionari wa Scheut, akawa padri. Mwaka 1917 alifika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa bado vinaendelea, na sehemu kubwa ya nchi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo alianza kazi huku kwao kukiwa vitani, na jambo hilo lingemrudia tena baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Kazi yake ilikuwa shule. Alifundisha na kusimamia watoto wa mji, na Institut Saint-Joseph ikawa mahali pa kuwaandaa makarani na walimu wa koloni. Jean Bolikango alisoma pale kisha akafundisha pale kwa miaka mingi. Cyrille Adoula, ambaye alikuja kuwa Waziri Mkuu, alipita pale pia. Mwaka 1925 wanafunzi wa zamani wa Scheut walipata chama chao, ADAPES. Wakati vyama vya siasa vilikatazwa kwa Mwafrika, ndani ya chama cha namna hiyo watu walijifunza kuongoza mkutano, kutunza hesabu na kuchagua rais wao.

Lakini mji ulimjua zaidi kwa mpira. Mwaka 1919 alianzisha chama cha michezo ambacho baadaye kiliitwa Association Royale Sportive Congolaise. Mwaka 1936 ilizaliwa timu ya Daring, leo DC Motema Pembe. Mwaka 1937 kilifunguliwa kiwanja cha Reine Astrid. Tusisahau mji ule ulikuwaje: Wazungu walikaa upande wao, Waafrika upande wao, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea mji wa Wazungu bila kibali. Hata mpira uligawanyika hivyo. Wakubwa wa koloni waliupenda mpira kwa sababu uliwashughulisha vijana siku ya Jumapili.

Kisha Mei 1940 Ubelgiji ikashindwa na Ujerumani. Mapadri wakabaki bila njia ya kwao, na koloni ikaagizwa kuzalisha zaidi: shaba, bati, mpira wa miti. Siku za kazi ya lazima vijijini zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Maniema iliyajua hayo kwa mgongo wake, kwa sababu bati ilichimbwa hapa kwetu, Kalima na kwingineko.

Miaka hiyo mpira wa shule ulionyesha sura mbili. Huko Élisabethville, mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface walianzisha timu ya Saint-Georges mwaka 1939, vita vilipoanza Ulaya. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya tatu. Mwaka 1944 ilipewa jina la Saint-Paul; baadaye wamisionari waliiacha, lakini wachezaji hawakuacha. Timu hiyo leo ni TP Mazembe. Ila katika mji huohuo, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mishahara walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Askari wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, msemaji wao. Kiwanja kilichojengwa ili watu watulie kilikuwa pia mahali pekee palipowatosha wote.

Vita vilipokwisha, Tata Raphaël aliendelea kujenga. Mwaka 1952 kilifunguliwa kiwanja kikubwa cha Roi Baudouin, cha kubeba makumi ya maelfu ya watazamaji. Alifariki mwaka 1956, hakuuona uhuru.

Tarehe 4 Januari 1959 watu walitoka kwenye kiwanja hicho, Vita Club ikiwa imefungwa na Mikado. Njiani wakakutana na wafuasi wa ABAKO waliokuwa wamekatazwa mkutano wao. Makundi hayo mawili yakawa moja, na mji ukawaka. Baada ya mwaka mmoja na nusu tulipata uhuru. Kiwanja kikaja kuitwa 20 Mai, na Oktoba 1974 Muhammad Ali alimwangusha George Foreman pale. Mwaka 1997 kikapewa jina la padri.

Je, tumhesabu kuwa mtumishi wa ukoloni au baba wa vijana? Mimi naona alikuwa vyote viwili. Alifundisha utii, lakini aliwapa vijana shule, vyama na kiwanja, na wao wakavitumia kwa haja zao wenyewe. Wakongo walitupa majina mengi ya wakoloni, la kwake wakalirudisha. Sisi tunaosoma lugha tuangalie neno lenyewe: hawakuandika Padri wala Bwana. Waliandika Tata.