George Best: Mchezaji Aliyeacha Uwanja Akiwa na Miaka 27

Wasomaji wengi wa gazeti letu ni wapenzi wa kandanda, na hapa Ntalikwa, kama ilivyo Tabora mjini, ni shida kupita Jumamosi bila kusikia mabishano juu ya Manchester United. Katika mabishano hayo huzuka mara kwa mara jina la mtu ambaye hakuna mwanafunzi wa leo aliyemwona akicheza, yaani George Best. Wanaomtaja humtaja kwa masikitiko. Husema kwamba alikuwa na miguu ambayo Mungu huwapa watu wachache sana, kisha akaiacha timu yake akiwa na miaka 27, umri ambao wachezaji wengine ndio kwanza wanakomaa. Ukiuliza kwa nini aliacha, utajibiwa neno moja tu: pombe. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno, na ndiyo sababu twaandika hapa maisha yake.

Alizaliwa tarehe 22 Mei, 1946, katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Baba yake, Dickie, alifanya kazi katika karakana ya kuunda meli ya Harland and Wolff, na mama yake, Ann, alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa magongo. George alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikuwa na akili darasani, akafaulu mtihani wa kuingia shule ya Grosvenor, ambayo haikuwapokea ila watoto waliofanya vizuri. Wazazi wakafurahi. Lakini shule ile ilicheza raga, siyo mpira wa miguu, na rafiki zake wa mtaani walikuwa wamekwenda shule nyingine. Kijana akaanza utoro. Mwisho wazazi wakakubali ahamie Lisnasharragh, walikokuwa wenzake na mpira. Hatuandiki haya ili kuwapa watoro wetu hoja, bali jambo hili lastahili kukumbukwa, maana kila alipokuwa na dhiki moyoni George hakusema neno. Aliondoka tu.

Klabu ya nyumbani, Glentoran, ilimkataa kwa sababu alikuwa mdogo wa mwili na mwembamba. Mtu mmoja aliyeitwa Bob Bishop, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia Manchester United vijana wa Belfast, hakujali wembamba ule. Alimpelekea simu meneja Matt Busby kumwarifu kwamba amemwona kijana wa ajabu. Basi mwaka 1961, akiwa na miaka 15, George akapanda meli kuvuka bahari pamoja na kijana mwenzake, Eric McMordie. Hawakukaa. Mara walipofika walishikwa na upweke, wakarudi kwao bila hata kugusa mpira wa maana. Baba yake hakumgombeza, ila alizungumza na Busby kwa simu, na baada ya siku chache George akarudi Manchester peke yake. Siku hizo sheria haikuziruhusu klabu za Uingereza kuwaandikisha vijana wa Ireland ya Kaskazini kama wanagenzi wa mpira, kwa hiyo alitafutiwa kazi ya tarishi katika ofisi za Mfereji wa Meli wa Manchester, akawa akifanya mazoezi jioni. Alipangishiwa chumba kwa mama mmoja mjane. Chumba hicho tutakirudia.

Tarehe 14 Septemba, 1963, alichezea timu kubwa kwa mara ya kwanza, dhidi ya West Bromwich Albion. Alikuwa na miaka 17, umri wa kijana wa kidato cha nne. Mwezi wa Aprili uliofuata akavaa jezi ya nchi yake. Mahali pake palikuwa winga, lakini hakukaa kando akingoja kuletewa. Alirudi katikati kuutafuta mpira kama hafubeki, akawanyang'anya watu wazima, kisha akapita katikati ya mabeki kama mtu anayepita sokoni. Alitumia mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa, na ingawa alikuwa mwembamba, alipiga mpira wa kichwa vizuri. Mabeki wa zama zile walikuwa wakali, na marefa hawakuwa wepesi wa kupuliza filimbi. Walimpiga mateke, akaanguka, akasimama, akaomba mpira tena.

Manchester United wakatwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1965 na tena mwaka 1967. Baina ya miaka hiyo ulipigwa mchezo uliombadilisha maisha. Tarehe 9 Machi, 1966, Manchester walikwenda Lisbon, Ureno, kucheza na Benfica katika Kombe la Ulaya. Benfica hawakuwa wamefungwa kwao katika kombe lile hata mara moja. Mshambuliaji wao mmoja alikuwa Eusébio, mtoto wa jirani zetu wa Msumbiji, mzaliwa wa mji ambao leo huitwa Maputo, naye jioni ile alikuwa amekabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya mbele ya watu wake. Dakika 12 hazijapita George alikuwa amekwisha funga mabao mawili. Mchezo ukamalizika 5 kwa 1. Asubuhi yake magazeti ya Ureno yalimwita kwa jina la wale waimbaji wa Liverpool, Beatles, kwa ajili ya nywele zake ndefu.

Tangu siku hiyo hakuwa tena mchezaji wa mpira peke yake. Barua zilimjia kwa magunia. Wenye nguo walitaka avae nguo zao, wenye vyakula walitaka picha yake ibandikwe kwenye pakiti zao. Kabla yake hakuna mwanakandanda wa Uingereza aliyetendewa hivyo, kwa hiyo katika klabu hapakuwa na mzee aliyeweza kumwambia namna ya kuishi na jambo lile. Wazee wote walikuwa wamezoea maisha ya mchezaji anayekwenda uwanjani kwa basi pamoja na mashabiki.

Mwaka 1968 ndio uliokuwa kilele. Alifunga mabao 28 katika ligi, na tarehe 29 Mei Manchester wakakutana tena na Benfica, safari hii katika fainali ya Kombe la Ulaya uwanjani Wembley. Kapteni wa Benfica alikuwa Mário Coluna, naye pia mtu wa Msumbiji. Dakika 90 zikaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1. Mara tu ulipoanza muda wa nyongeza George akauchukua mpira, akampita beki, akampita na golikipa, akaupeleka wavuni. Manchester wakashinda 4 kwa 1, wakawa klabu ya kwanza ya England kulichukua kombe lile. Mwisho wa mwaka akapewa tuzo ile ile aliyoipata Eusébio. Alikuwa na miaka 22.

Hapo ndipo mimi huwashauri wenzangu watazame, kuliko kuitazama miaka ya chupa. Kijana wa miaka 22 amekwisha pata kila kitu ambacho klabu yaweza kumpa. Je, afuate nini? Matt Busby aliachia umeneja mwaka 1969. Wachezaji wengi waliokuwa nguzo walikuwa wamezeeka au wameumia, wala hawakuletwa vijana wa kutosha kushika nafasi zao. Mameneja wakabadilishwa mmoja baada ya mwingine: Wilf McGuinness, kisha Busby mwenyewe tena, kisha Frank O'Farrell, kisha Tommy Docherty, yote hayo katika miaka minne. Timu ikawa inashuka, na George ndiye aliyeibeba, msimu baada ya msimu akiwa mbele ya wenzake kwa mabao.

Sisi watu wa njia ya zamani ya misafara twajua habari za mizigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua yapata frasila mbili toka Bagamoyo hadi Tabora, na mara nyingi mwenzake alipougua mzigo uligawanywa kwa wengi. Kule Manchester mizigo ya waliochoka haikugawanywa. Ilipandishwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa mdogo wao.

Bado alikuwa na siku zake. Tarehe 7 Februari, 1970, baada ya kufungiwa mwezi mmoja kwa kumpiga refa mpira kutoka mikononi, alirudi uwanjani kucheza na Northampton, akafunga mabao sita peke yake. Lakini nje ya uwanja mambo yalikuwa yameharibika. Mazoezi ya wachezaji yaliisha adhuhuri, na saa zilizobaki za mchana na za usiku hazikuwa na mwenyewe. Akazijaza kwa ulevi na wanawake. Alijenga nyumba ya kisasa yenye vioo vikubwa pale Bramhall, na watu wakawa wanakuja kwa mabasi kumchungulia akila. Akaanza kukosa mazoezi, na siku moja akakosa gari moshi la kwenda London kucheza. Mwanzoni mwa 1972 meneja O'Farrell alimwamuru aiache nyumba ile na arudi kupanga kwa mama yule mjane. Hebu fikiri! Mchezaji mashuhuri kupita wote Uingereza, mwenye miaka 25, anarudi na sanduku lake katika chumba alichokaa alipokuwa tarishi.

Mwezi wa Mei mwaka huo, alipokuwa akitimiza miaka 26, alikimbilia Hispania akatangaza kwamba ameacha mpira. Akarudi. Mwezi wa Desemba akaacha tena, siku ile ile O'Farrell alipofukuzwa kazi. Mwaka 1973 akarudi mara ya pili, amenenepa na mbio zimepungua. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari, 1974, Manchester walifungwa mabao 3 bila na Queens Park Rangers. Mchezo uliofuata Docherty hakumpanga, wakahitilafiana kama alikuwa amechelewa au hakuchelewa, na George hakuichezea tena Manchester United. Miezi michache baadaye timu iliteremshwa daraja.

Mashabiki hawajakubaliana hadi leo. Wengine husema aliwatupa, na kwamba mtu aliyepewa kipaji kile hana haki ya kukichezea. Wengine husema klabu ndiyo iliyomtupa kwanza, kwa kumwachia timu mbovu. Mimi naona pande zote mbili zasahau hesabu. Aliichezea Manchester mara 470 na kuifungia mabao 179. Hiyo ni miaka kumi na moja, nayo si kazi ya mtu mvivu. Tunachokililia ni miaka ambayo hatukuiona, na miaka ya namna hiyo daima huwa mizuri kuliko ile iliyopita machoni petu. Aliyekosa zaidi ni mwenyewe na jamaa zake. Mama yake, ambaye hakugusa pombe mpaka alipokuwa mtu mzima, naye aliingia katika ulevi, akafa mwaka 1978. George hakuweza kujitoa katika ugonjwa ule ule.

Baada ya Manchester alizunguka kama mfanyabiashara asiye na duka: Johannesburg, Stockport, Cork, Los Angeles, Fulham, Edinburgh, mpaka Australia. Kila alikokwenda watu walijaa kumtazama. Nchi yake aliichezea mara 37, mara ya mwisho mwaka 1977, wala hakucheza Kombe la Dunia hata siku moja. Mwaka 1965 Ireland ya Kaskazini walikaribia, lakini wakatoka sare na Albania siku ambayo ushindi ungewapa nafasi ya kupambana tena na Uswisi. Mwaka 1984 alifungwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa na kumpiga askari, akala Krismasi gerezani. Mwaka 2002 madaktari wa London walimtia ini la mtu mwingine. Akarudia kunywa. Jambo hilo liliwaudhi wengi waliomwonea huruma hapo kwanza, na sioni kwamba walikosea kuudhika. Alikufa tarehe 25 Novemba, 2005, akiwa na miaka 59. Siku ya mazishi, tarehe 3 Desemba, maelfu kwa maelfu ya watu walisimama mvuani katika barabara za Belfast, Waprotestanti na Wakatoliki, katika mji ambao pande hizo mbili ziliuana kwa miaka thelathini. Alizikwa kando ya mama yake. Mwaka uliofuata uwanja mmoja wa ndege wa mji huo ukapewa jina lake.

Habari moja inabaki, na wanaobishana Jumamosi huisahau. Mwaka 1982 Ireland ya Kaskazini walifika Kombe la Dunia kule Hispania. George alikuwa na miaka 36, na meneja Billy Bingham hakumchukua. Alichukuliwa kijana mwingine wa Belfast aliyevumbuliwa na Bob Bishop yule yule, jina lake Norman Whiteside. Alikuwa na miaka 17 na siku 41, akawa mchezaji mdogo kuliko wote waliopata kucheza Kombe la Dunia, akimpita hata Pelé. Naye aliichezea Manchester United, akaja kucheza katikati ya uwanja, na mwaka 1985 ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA. Mwaka 1991 goti lake lilikataa kabisa, naye akaacha mpira akiwa na miaka 26, mdogo kuliko hata Best alivyokuwa. Mashabiki walimsikitikia naye pia. Whiteside akarudi darasani, akajifunza utabibu wa miguu, akaanza kazi ya kuwatibu wachezaji vijana.