Johann Hinrich Wichern, Rafiki wa Watoto wa Mjini

Johann Hinrich Wichern alizaliwa katika mji wa Hamburg, Ujerumani, siku ya 21 Aprili 1808, wa kwanza katika watoto saba. Alipokuwa na umri wa miaka 15 baba yake alifariki. Naye, angali mwanafunzi, akafundisha watoto wa watu wengine kwa mshahara, ili mama yake na wadogo zake wapate riziki. Baadaye akaenda kusoma teolojia huko Göttingen na Berlin.

Mwaka 1832 alikuwa amekwisha kushinda mtihani wake, lakini hakuwa na usharika wa kuutunza. Hata hivyo hakukaa bure akingoja kuitwa. Akaingia kufundisha katika shule ya Jumapili ya St. Georg, ambayo mchungaji Rautenberg aliianzisha mwaka 1825 kwa ajili ya watoto maskini. Tena akawafuata wanafunzi wake makwao. Huko aliona jamaa nzima zikikaa katika chumba kimoja kibovu, njaa na ulevi, na watoto walioachwa waombe na kuiba njiani. Akatambua ya kuwa saa chache za Jumapili hazitoshi. Maana lililopandwa asubuhi lilikuwa likikanyagwa jioni. Mtoto asiye na nyumba njema hana budi kupewa nyumba.

Basi Karl Sieveking, mtu mkubwa katika serikali ya mji, akampa nyumba ndogo iliyoezekwa kwa majani makavu, katika kijiji cha Horn, nje ya Hamburg. Jina lake ni Rauhes Haus. Siku ya 31 Oktoba 1833 Wichern akahamia humo pamoja na mama yake, na kabla ya mwaka kwisha walikuwamo wavulana 12. Kila aliyeingia aliambiwa kwamba makosa yake ya zamani yamesamehewa. Wala hapakuwa na ukuta wa kuwafungia.

Watoto walipozidi, hawakurundikwa pamoja, bali waligawanywa katika jamaa ndogo, kila jamaa na kijana Mkristo aliyekaa nayo kama kaka. Vijana hao wengine walikuwa mafundi wa kazi za mikono, wengine walikuwa wamemaliza teolojia kama Wichern mwenyewe. Wakajifunza hapo, kisha wakatumwa mahali pengi.

Mwaka 1839, wakati wa Majilio, alitundika gurudumu lenye mishumaa, mikubwa minne kwa Jumapili na midogo kwa siku nyingine, ili watoto waone Krismasi inavyokaribia. Ndiyo asili ya shada la Majilio.

Mwezi wa Septemba 1848, huko Wittenberg, aliwasihi wakuu wa Kanisa wawatumikie maskini wa nchi yao wenyewe. Akafariki siku ya 7 Aprili 1881.

Basi kila mwalimu asomaye habari hizi na ajiulize: watoto wa darasa lake, Jumapili ikiisha, hurudi wapi?