Lindeman: Mwanafunzi aliyefichua siri ya ziwa dogo

RAYMOND Lindeman aliiaga dunia Juni 29, 1942 akiwa na umri wa miaka 26 pekee, kabla ya makala iliyompa sifa kuchapishwa.

Alizaliwa mwaka wa 1915 katika jimbo la Minnesota, Marekani, akalelewa shambani. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota kwa masomo ya juu, alichagua kuchunguza Cedar Bog Lake, ziwa dogo lenye kina cha takriban mita moja, lililokuwa likigeuka kinamasi polepole. Kwa miaka kadhaa yeye na mkewe, Eleanor, walichota maji na matope yake, wakahesabu mwani na wanyama wadogo waliomo.

Enzi hizo, watafiti wengi wa maji baridi waliridhika kuorodhesha viumbe. Lindeman alitaka kujua nishati ya jua inayoingia ziwani huishia wapi. Alionyesha kuwa mwani na mimea huinasa, wanyama wadogo wakaila mimea hiyo, nao wakaliwa na wakubwa wao. Bakteria huozesha mabaki na kurejesha rutuba majini. Katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea, ndiposa viumbe wawindaji huwa wachache kuliko wanaowindwa.

Baada ya kupata shahada ya uzamifu mwaka wa 1941, alienda Chuo Kikuu cha Yale kufanya utafiti chini ya G. Evelyn Hutchinson. Makala aliyoipeleka kwa jarida la Ecology ilipingwa na mabingwa wawili wa maziwa, Chancey Juday na Paul Welch, walioona kuwa nadharia yake imeutangulia ushahidi. Hutchinson alimtetea kijana huyo, naye mhariri Thomas Park akakubali kuichapisha baada ya kurekebishwa. Ilitoka baadaye mwaka wa 1942, mwandishi akiwa tayari ameuawa na maradhi ya ini.

Leo wanaohitimu katika taaluma hiyo hufundisha vyuoni, husimamia uvuvi au hulinda vyanzo vya maji. Anayekadiria kiasi cha samaki ambacho ziwa laweza kuzalisha hulazimika kurudi kwa swali la Lindeman. Lau mwalimu wake angenyamaza, huenda swali hilo lingezikwa pamoja naye.