Alan Turing, Bingwa wa Mafumbo

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Madras, Bara Hindi, na wazazi wakaona heri watoto wao wabaki Uingereza. Basi Alan na kaka yake John walilelewa katika nyumba ya mwanajeshi mmoja mstaafu na mkewe, wakawa hawaonani na wazazi wao ila mara chache. Wasomaji wetu wa Dzaleka hawana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Mei 1926 alitakiwa kuanza shule ya bweni ya Sherborne. Alipofika bandari ya Southampton alikuta wafanya kazi wa nchi nzima wamegoma, hapana gari moshi. Akapanda baiskeli yake, akaenda maili zaidi ya 60, akalala usiku mmoja njiani, akafika shuleni. Walimu hawakumsifu sana, maana kazi zake zilikuwa chafu na mwandiko wake mbaya. Hata hivyo alifika Cambridge mwaka 1931, na mwaka 1936, kabla ya kutimiza miaka 25, aliandika makala juu ya mashine ya kufikirika isomayo na kuandika alama juu ya utepe, alama moja moja. Alionyesha kwamba mashine ya namna hiyo yaweza kufanya hesabu yo yote ambayo mtu aweza kuiandikia hatua zake. Kompyuta zote za leo ni watoto wa wazo hilo.

Vita ilipoanza mwaka 1939 aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri. Wajerumani walikuwa wakiandika habari zao kwa mashine iitwayo Enigma, yenye umbo kama la taipureta, ambayo magurudumu yake yaligeuza kila herufi kuwa nyingine. Habari ilipita hewani na kila mtu aliweza kuinasa. Lakini ufunguo wake haukuwa ndani ya habari. Ulikuwa katika karatasi nyingine, iliyokaa mbali nayo, na ulibadilishwa kila siku au kila baada ya siku mbili. Mwenye ufunguo wa jana akijaribu habari ya leo hupata takataka tupu. Wataalamu wa Poland walikuwa wametangulia kuvunja fumbo hilo, wakawapa Waingereza elimu yao mwaka 1939. Turing akabuni mashine ya kutafuta ufunguo wa siku, na ya kwanza ikawekwa kazini Machi 1940.

Hata hivyo mashine peke yake haikutosha. Tarehe 30 Oktoba, 1942, mabaharia Fasson na Grazier wa manowari Petard waliingia katika nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya siri, kisha wakazama nayo. Kwa vitabu hivyo Bletchley iliweza kusoma tena habari za nyambizi, baada ya miezi kumi ya giza. (Na mafumbo haya hayakuwa ya Ulaya tu. Mwaka 1942 Waingereza waliokuwa wakifumbua habari za Wajapani walihamia Kilindini, Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram.)

Baada ya vita Turing alichora mpango wa kompyuta ya kweli, iliyoitwa ACE. Hapo ndipo alipokutana na swali linalowahusu vijana wetu. Kazi kubwa ikiita kazi ndogo, nayo ndogo ikiita nyingine, mashine itajuaje mahali pa kurudi? Turing alijibu kwamba kabla ya kuondoka, mashine iandike namba ya mahali ilipokuwa, iizike, ikimaliza, iifukue. Iliyozikwa mwisho ndiyo hufukuliwa kwanza. Ndiyo maneno aliyotumia, kuzika na kufukua, katika mpango wake aliomaliza mwishoni mwa 1945.

Programu ikianguka leo, kompyuta huyafukua makaburi hayo na kuchapa namba zake, ili mwenye kutengeneza ajue ilikuwa wapi na ilipitia wapi. Shida ni kwamba ni namba tupu. Kijana wa Dzaleka au wa Area 25 mjini Lilongwe huona 401136, wala haoni kwamba hiyo ndiyo sehemu aliyoiita hesabu_mgao. Majina yamekwisha ondolewa ili programu iwe nyepesi, yakawekwa katika faili la peke yake. Tazama, ni Enigma tena: habari huku, ufunguo kule!

Na ufunguo lazima uwe wa siku ile ile. Katika Linux programu hubeba muhuri wa herufi na tarakimu, na faili la majina hubeba muhuri huo huo. Kompyuta hulitafuta katika /usr/lib/debug/.build-id: herufi mbili za kwanza za muhuri ni jina la folda, zilizobaki ni jina la faili, likiishia na .debug. Ukitengeneza programu upya baada ya kubadili mstari mmoja, muhuri hubadilika, na faili la jana halifai. Kwa hiyo anayepeleka programu yake kwa watu asitupe faili la majina la kila toleo. Kama programu ni ya wengine, faili huombwa kwa waliyoitoa, kwa kutaja muhuri. Mafaili hayo mara nyingi ni mazito kuliko programu yenyewe, na bando la intaneti ni ghali. Afadhali kulichukua mara moja Lilongwe, likapandishwa Dzaleka kwa flashi.

Ajabu ni kwamba Turing mwenyewe hakujali sana majina. Huko Manchester, alikohamia mwaka 1948, programu ziliandikwa kwa alama za simu ya maandishi, tarakimu ndogo ikitangulia, naye alitaka watu wazikariri. Kwa maoni yangu alipima akili za wengine kwa akili yake. Ilibaki kwa wengine kuifundisha mashine kupokea maneno.

Mwaka 1952 alishitakiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza ya siku zile. Ili asifungwe alikubali kudungwa dawa za homoni. Alikufa kwa sumu tarehe 7 Juni, 1954, na baraza la uchunguzi likasema alijiua. Serikali iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa Malkia ukatolewa mwaka 2013. Mama yake, Sara, alitoa kitabu cha maisha ya mwanawe mwaka 1959. Hakuweza kueleza humo alichofanya vitani, kwa kuwa Bletchley ilikuwa bado siri.