Henry Morton Stanley

Henry Morton Stanley (28 Januari 1841 – 10 Mei 1904) alikuwa mwandishi wa habari na mpelelezi mzaliwa wa Welisi aliyesafiri Afrika ya Mashariki na Kongo. Anajulikana hasa kwa kumkuta David Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871. Katika historia ya Ziwa Viktoria anakumbukwa pia kwa mauaji ya kisiwa cha Bumbire.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Denbigh kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1859 alihamia Marekani, na baadaye akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald.

Safari ya ziwani

Tarehe 27 Februari 1875 alifika Kageyi, karibu na Mwanza ya leo. Kutoka hapo alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Alithibitisha kwamba ni ziwa moja, jinsi John Speke alivyoamini.

Tarehe 28 Aprili alitua Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu wakachukua makasia. Mabaharia waliisukuma tena majini na kupiga kasia kwa mbao walizong'oa ndani yake, huku Stanley akiwapiga wenyeji risasi na kuua kadhaa. Tarehe 4 Agosti alirudi na bunduki nyingi pamoja na mitumbwi ya Waganda. Shekka, chifu wa kisiwa, alikuwa tayari mateka wake. Waliokuwa ufukoni walipigwa risasi kutoka mitumbwini. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, zaidi ya watu 30 waliuawa. Habari zilipofika London, Henry Hyndman na Henry Yule walimlaumu mbele ya Shirika la Kifalme la Jiografia.

Picha ya Bumbire

Kitabu chake cha mwaka 1878 kina picha ya Bumbire, iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga. Mashua iko ufukoni, imezungukwa na umati wenye silaha. Ni mtindo wa wachoraji wa Kiromantiki kama Delacroix: hatari kubwa katika dakika moja. Lakini dakika hiyo ni ya Aprili. Anayeitazama picha bila kusoma habari zake humwona Stanley kama mtu aliyevamiwa tu. Shambulio la Agosti halimo, wala sababu za wenyeji kuwaogopa wageni wenye bunduki. Kwa hiyo picha ni ushahidi wa jinsi Stanley alivyotaka kueleweka, kuliko wa vita vyenyewe.

Miaka ya mwisho

Kuanzia 1879 alimtumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo. Mwaka 1889, akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, alipita tena kusini mwa ziwa. Mwaka 1890 alimwoa Dorothy Tennant, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji. Alikuwa mbunge kuanzia 1895 hadi 1900, akafariki London.