ASKARI WA KUCHEZEA WA BWANA H. G. WELLS

Wengi wetu twalijua jina la Herbert George Wells kwa hadithi zake za ajabu, kama ile ya viumbe wa sayari ya Mars walioishambulia dunia. Ni wachache wanaojua kuwa mtu huyo huyo alitunga sheria za mchezo wa vita vya askari wadogo wa kuchezea. Nimependa kueleza maisha yake kwa ufupi, na hasa jinsi alivyolijibu swali moja gumu la mchezo huo: askari wakikutana ana kwa ana, nani afe, nani atekwe, na nani abaki?

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, katika mji wa Bromley, Uingereza. Wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyombo na vifaa vya kriketi lisilo na faida kubwa, na mama yake aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba ya matajiri. Mwaka 1874 mtoto huyu alivunjika mguu akawa kitandani. Baba yake akamletea vitabu, na tangu siku hizo hakuacha kusoma. Mwaka 1877 baba naye akavunjika paja, na shida ikazidi nyumbani. Kijana akapelekwa kujifunza kazi katika duka la nguo, kazi ambayo aliichukia sana. Mwaka 1883 aliiacha, akaenda shule ya Midhurst, akifundisha wadogo huku mwenyewe akisoma. Mwaka uliofuata alipata msaada wa masomo, akaenda London kusoma sayansi, na mmoja wa walimu wake alikuwa T. H. Huxley, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya viumbe. Alipata digrii mwaka 1890, na kitabu chake The Time Machine kilipotoka mwaka 1895, jina lake likaenea.

Wells alipenda michezo hata alipokuwa mtu mzima. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, rafiki yake aliuona mzinga mdogo wa kuchezea wenye springi, akaulenga kwa askari aliyesimama mezani, akamwangusha. Akajisifu, wenzake wakataka nao wajaribu, na mchezo ukaanza. Mwaka 1913 Wells alitoa sheria zake katika kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, maana yake Vita Vidogo.

Nchi ya vita ilikuwa sakafu ya chumba, na nyumba na vilima vilijengwa kwa vipande vya mbao. Askari wa miguu alikwenda futi 1 kwa zamu, na wa farasi futi 2. Mzinga ulipiga kwelikweli, na aliyeangushwa ndiye aliyekufa. Lakini haukuweza kutumika bila askari 4 walio karibu nao, yaani ndani ya inchi 6.

Shida ilikuwa pale askari walipogusana. Hapo kwanza kila mmoja alimwua mmoja akafa naye. Jambo hili lilileta upuuzi. Askari wachache waliokaribia kutekwa hawakungoja. Walilirukia jeshi kubwa wakafa nalo mtu kwa mtu. Tena askari 5 wa farasi waliweza kuuendea mzinga wenye watu 8, wakaua 5, wakabaki 3, na mzinga ukanyamaza. Katika vita vya kweli mambo hayaendi hivyo. Mchezaji alifanya hivyo kwa sababu askari wake hawakuwa na roho ya kupotea.

Wells akatunga sheria mpya. Mwisho wa zamu, askari wote waliogusana na adui, pamoja na wote walio ndani ya inchi 6 kutoka kwao, huhesabiwa kuwa wamo katika pambano. Pande mbili zikiwa sawa, wote hufa. Zisipokuwa sawa, huulizwa: je, kikosi kidogo kina wenzake karibu? Kikiwa na wenzake wasiopungua nusu ya hesabu yake, walio umbali wa mwendo wa zamu moja, basi kimesaidiwa. Kila askari wake humwua mmoja naye hufa. Kisipokuwa na msaada huo, kimetengwa. Hapo tofauti ya hesabu za pande mbili ndiyo hesabu ya mateka, na waliosalia huuana mmoja kwa mmoja.

Tuchukue mfano. Askari 10 waliotengwa wanapambana na 13. Tofauti ni 3, basi 3 hutekwa. Wale 7 waliobaki huua 7 nao hufa. Upande mkubwa hubaki na askari 6 na mateka 3. Lakini kama 10 hao wangekuwa na msaada, wote wangekufa na adui 10, na upande wa pili ungebaki na watu 3 tu, bila mateka. Hakuna dadu wala bahati hapa. Aliyeshambulia ndiye huchagua nani afe na nani atekwe, ikiwa pana nafasi ya kuchagua.

Mimi na wenzangu tumezijaribu sheria hizi kwa vizibo vya soda. Nimeona kuwa baada ya zamu chache hakuna anayepeleka watu wake mbele ovyo. Kila mmoja hutazama kwanza nani yu karibu na nani.

Katika kitabu hicho Wells alieleza kuwa vita vidogo ni bora kuliko vikubwa, kwa kuwa haviachi miili iliyopondwa wala majengo yaliyobomolewa. Mwaka mmoja baadaye, 1914, Vita Kuu vikaanza. Askari zaidi ya milioni 8 walikufa, na moto ukafika hata kwetu: Novemba 1914 watu walipigana Tanga, na kabla ya vita kwisha wapagazi makumi ya maelfu wa Afrika Mashariki walikuwa wamekufa, wengi kwa maradhi na njaa. Wells mwenyewe aliviunga mkono vita hivyo mwanzoni, akiamini kuwa vingekomesha vita vyote. Havikukomesha. Baadaye aliandika historia ya ulimwengu, na kwa miaka mingi alitaka mataifa yakae chini ya sheria moja. Mwaka 1940 alitoa kitabu juu ya haki za binadamu. Alifariki London tarehe 13 Agosti, 1946.

Kwa maoni yangu, sheria ile ya sakafuni ilikuwa na hekima ambayo wakubwa wa mwaka 1914 waliikosa, naye mwandishi wake aliisahau kwa muda. Ushujaa wa mtu aliyetupwa peke yake mbele ya wengi ni hasara iliyopewa jina zuri. Anayeamuru wengine waende mbele yampasa kuhesabu kwanza, na kukumbuka kuwa wale anaowahesabu si vizibo.